Gego la juu limeng'olewa, sasa chai inatokea puani: nishone au nisubiri?

Tabibu_Mbagala ameuliza:

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa madaktari wa meno na wa masikio, pua na koo mliomo humu.

Mgonjwa ni mama wa miaka 46. Leo ni siku ya 18 tangu ang'olewe gego la kwanza la juu kushoto (namba 26) kwenye kliniki nyingine. Jino lilivunjika, mizizi ikatolewa mmoja mmoja. Kesho yake tu akinywa chai inachuruzika puani, upande wa kushoto. Siku ya tano kamasi zikawa za njano, upande huohuo mmoja, zina harufu ya uozo ambayo yeye huisikia kabla mtu mwingine hajaisikia. Akisujudu anahisi uzito chini ya jicho, na meno ya jirani yanauma kana kwamba yote mabovu. Joto la mwili 37.4. Jicho halijavimba. Ana presha, anatumia amlodipini 5 mg. Sukari iko sawa. Alipewa amoksisilini 500 mg siku tano, akapata nafuu ya siku mbili, hali ikarudi. Akaongezewa azithromaisini ya siku tatu, ikawa vilevile.

Kwenye pengo fizi imejikunja kuelekea ndani, katikati kuna kitundu cha kama kichwa cha kiberiti, na pembeni yake kunatoka povu. Picha ndogo ya jino ninayoweza kupiga hapa haionyeshi cha maana.

Je, nishone leo kwa kuwa chakula kinaingia? Nimtume kwa nani kwanza, meno au pua? Na dawa ipi, maana mbili zimeshashindwa?

Taya_na_Uso amejibu:

Umefanya vema kuuliza kabla ya kushika sindano. Usishone leo.

Hilo ni tundu la kati ya kinywa na sainasi ya shavu, yaani uwazi wenye hewa ndani ya mfupa ulio pembeni mwa pua. Sakafu ya sainasi hiyo iko juu kabisa ya mizizi ya gego la kwanza na la pili, na kwa watu wengi mfupa unaotenganisha ni mwembamba usiofika milimita moja. Wengine hawana mfupa hapo, ni utando tu. Mzizi unaotoka unaweza kuondoka na kipande cha sakafu, hata mikononi mwa mtu makini.

Kipimo ni masaa na milimita. Tundu lisilozidi milimita 2, damu ikiganda vizuri ndani ya pengo, mara nyingi hujifunga lenyewe. La milimita 3 hadi 6 linahitaji kusaidiwa palepale kwenye kiti: sponji ya jelatini ndani ya pengo, mshono wa umbo la nane juu yake, na masharti ya pua (asipenge, asizuie chafya) kwa wiki mbili. Zaidi ya hapo lifunikwe kwa kipande cha fizi, na lifunikwe ndani ya saa 24 hadi 48, kabla vijidudu vya kinywani havijahamia juu. Mgonjwa wako alivuka dirisha hilo siku nyingi. Fizi uliyoiona imejikunja kuelekea ndani ni ngozi ya kinywa inayoanza kutambaa kwenye kuta za tundu. Ikifika wiki ya tatu hivi huwa imelitandika lote, na tundu lililotandikwa ngozi halijifungi lenyewe hata ukingoja mwaka.

Sababu ya kutoshona leo ni usaha. Ukifunga mlango na usaha umo, utatafuta pa kutokea, na nyuzi zitaachia kabla ya wiki kuisha. Kila jaribio lililoshindwa linaacha kovu, na fizi yenye kovu haivutiki vizuri safari inayofuata. Kwa hiyo tunasafisha kwanza.

Unaweza kuanza hapo kituoni. Chukua maji ya dripu ya chumvi (0.9%), yapashe yawe vuguvugu, vuta kwenye bomba la sindano la 20 ml, weka kanyula butu ya plastiki. Mgonjwa akae wima, ainamishe kichwa mbele juu ya beseni. Peleka ncha kwenye mdomo wa tundu bila kusukuma ndani, kisha minya polepole. Yakitokea puani, mlango wa asili wa sainasi uko wazi, na hiyo ni habari njema. Yakirudi kinywani tu, au akilalamika shavu linajaa, acha mara moja: mlango wa juu umeziba na unaongeza shinikizo bure. Rudia kila siku mpaka yanayotoka yawe meupe na harufu iishe, kwa kawaida siku tano hadi kumi. Usichokoe kwa prob (kijiti cha chuma cha kupimia) kutafuta kina. Wala usimwambie abane pua na kupuliza kwa nguvu ili uone mapovu: utando uliochanika kidogo unaweza kuchanika wote, na utelezi mzito ukiziba tundu kipimo kitakudanganya kwamba hakuna kitu.

Dawa. Vijidudu vya jino ni mchanganyiko, na wengi kati yao hawahitaji hewa ya oksijeni. Ndio wanaoleta ile harufu. Baadhi yao hutengeneza kimeng'enya kinachovunja amoksisilini tupu. Ndiyo maana chaguo la kwanza kwa mtu mzima asiye na mzio wa penisilini ni amoksisilini yenye klavulaneti, 625 mg mara tatu kwa siku, siku saba. Mwenye mzio wa penisilini hupewa doksisaiklini 100 mg mara mbili, ila si mjamzito. Lakini dawa bila kuziba tundu ni kudeki wakati bomba bado linavuja: atapata nafuu ya siku chache kama mwanzo, halafu mtarudi mlipokuwa.

Kuhusu kushona kwenyewe, nieleze kidogo kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Tundu la mfupa ni kubwa kuliko kitundu unachokiona kwenye fizi. Kichwa cha kiberiti kwenye fizi kinaweza kuwa milimita 7 kwenye mfupa, na mshono unaokaa juu ya hewa utazama. Ngozi iliyotandika tundu hukatwa yote kwanza, na kingo mpya zikae juu ya mfupa mzima pande zote. Halafu mikato miwili inapanda upande wa shavu ikiachana kidogo, juu pana kuliko chini, na kipande kinainuliwa chote mpaka mfupani. Kwa ndani, utando mgumu unaofunika mfupa unachanjwa mstari mmoja mwepesi, kina kisichozidi milimita moja, na hapo utaona kipande kinalegea na kurefuka mkononi. Ukikivusha mpaka upande wa kaakaa kisha ukakiachia, kinatakiwa kilale palepale bila kushikwa. Kikirudi nyuma, hujamaliza kukilegeza. Nyuzi haziwezi kufanya kazi hiyo badala yako. Nyuzi zikae siku 10 hadi 14. Tundu likiwa pana, au limewahi kushonwa likaachia, tunavuta mafuta ya ndani ya shavu kuziba chini yake, kwa kuwa yana damu nyingi na hupona vizuri.

Mpe rufaa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Kwa Dar, Muhimbili wapo.

PuaNaKoo_Dsm amejibu:

Nakubaliana na mwenzangu karibu kwa yote. Naongeza upande wa pua.

Watu hudhani sainasi ya shavu humwaga uchafu wake chini kama beseni lenye tundu. Sivyo. Mlango wake wa asili uko juu, karibu na dari yake, kwenye ukuta unaotazama pua. Vinyweleo vidogo ndivyo vinavyopandisha ute mpaka mlangoni, saa zote, dhidi ya uzito wa ute wenyewe. Uvimbe ukiufunga mlango na vijidudu vya jino vikavipooza vinyweleo, usaha unabaki umetuama. Ndiyo sababu akisujudu anausikia unasogea.

Kamasi zenye harufu upande mmoja tu, kwa mtu mzima, zinapaswa kutufanya tuangalie meno ya juu kabla ya kuandika dawa ya tatu. Mafua na mzio kwa kawaida hushika pua zote mbili. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu wagonjwa wengi wanazungushwa miezi na vidonge vya "sainasi" huku jino lenye usaha kwenye mzizi, wala halijang'olewa, liko palepale. Si lazima liume. Jino lililokufa huweza kuvujisha usaha juu kimyakimya.

Matone ya kuzibua pua (oksimetazolini 0.05% au zailometazolini 0.1%) husaidia kufungua mlango, lakini yasizidi siku tano; ukipitisha hapo pua inazoea na kuziba zaidi kila dawa inapoisha nguvu. Huyu mama ana presha, kwa hiyo mpime kwanza. Presha ikiwa haijatulia, achana nayo utumie maji ya chumvi peke yake. Vidonge vya mafua vyenye sudoefedrini asiguse.

Kuhusu nani kwanza: jibu linategemea mlango. Kwenye picha mlango ukiwa wazi, mwenzangu wa kinywa anasafisha na kufunga, na sainasi nyingi hutulia zenyewe. Mlango ukiwa umeziba kabisa, au kuna kipande cha mzizi au cha dawa ya kuzibia jino mle ndani, au kuna mpira wa fangasi, tunaingia kwa kamera kupitia puani, tunapanua mlango, tunatoa kilichomo, na tundu la kinywani linafungwa siku hiyohiyo. Kufunga chini huku juu kumeziba ni kumtengenezea jipu. Ule upasuaji wa zamani wa kufungua dirisha juu ya fizi, unaobeba majina ya Caldwell wa New York (1893) na Luc wa Paris (1897), bado una nafasi yake kwa kutoa mzizi uliozama mahali ambapo kamera haifiki, ila hatuufanyi tena kwa kila mtu, kwa sababu huacha ganzi ya shavu kwa baadhi ya wagonjwa.

Yafuatayo hayasubiri miadi, ni dharura usiku huohuo: kope au jicho kuvimba, kuona viwili viwili, jicho kusukumwa mbele, kichwa kuuma kupita kiasi pamoja na homa, shingo kukaza, kuchanganyikiwa. Kwa mwenye kisukari, kidonda cheusi kwenye kaakaa au ndani ya pua ni cha kukimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Na pengo lisilopona wiki sita baada ya usafi mzuri, likiambatana na damu puani, ganzi ya shavu au meno ya jirani kulegea bila sababu, likatwe nyama ikapimwe. Saratani ya sainasi hujificha hapo. Muulizeni pia kama amewahi kuchomwa dawa za kuimarisha mifupa, maana hizo huzuia taya kupona.

Picha_za_Taya amejibu:

Kwa ufupi kuhusu picha. OPG (picha moja ya taya zima) ni mwanzo mzuri: inaonyesha sakafu ya sainasi imekatika wapi na kama kuna mzizi umebaki. Lakini ni picha bapa, kila kitu kimelaliana, na ikisema "sawa" haimaanishi hakuna kitu. Picha ya CBCT (CT ndogo ya meno na taya, ya pande tatu) ndiyo inayoonyesha upana wa tundu la mfupa kwa milimita.

Kosa ninaloliona kwenye fomu ni kuandikwa "CBCT 26" tu. Fundi atakupigia eneo dogo la jino na kukata picha katikati ya sainasi, halafu daktari wa pua hana cha kusoma na mgonjwa analipa mara ya pili. Andika hivi: "Taya la juu kushoto, kuanzia meno hadi juu ya mlango wa sainasi; tafuta tundu la sakafu, mzizi au kitu kigeni, na hali ya mlango." Kama CBCT haipatikani, CT ya kawaida ya sainasi inatosha, mradi uombe meno ya juu yaingie kwenye picha, kwa sababu mara nyingi huachwa nje.

Jambo dogo: utando wa sainasi kunenepa kidogo sakafuni peke yake si ugonjwa wa kutibiwa. Usome pamoja na dalili.

Tabibu_Mbagala:

Asanteni sana wakuu, Mungu awabariki. Nimempigia maji leo: ml 60 za kwanza zilitoka puani na vipande vya wali, za mwisho nyeupe. Rufaa nimeandika, miadi ni baada ya siku tisa. Nyumbani afanye nini hadi hapo? Ana safari ya ndege kwenda Mwanza wiki ijayo, na familia inamshauri ajifukize.

Mfamasia_Ilala amejibu:

Tabibu, maji kutokea puani siku ya kwanza ni dalili nzuri. Mwelekeze hivi, na mwandikie kwenye karatasi, kwa sababu ya mdomo husahaulika akifika kituo cha daladala.

Kubwa kuliko yote ni shinikizo. Asipenge kamasi, afute tu kinachotoka, au akivute nyuma taratibu na kukitema. Chafya ikija asiizuie wala asibane pua, apige mdomo ukiwa wazi. Asinywe kwa mrija: soda, juisi, na hasa dafu, maana hapa mjini dafu na mrija ni kitu kimoja, amwagiziwe kwenye kikombe. Asipulize jiko la mkaa kwa mdomo, apepee kwa kipepeo. Sigara na shisha ni marufuku. Alale kichwa kimeinuka, mito miwili. Asinyanyue ndoo za maji. Kusujudu kukimletea maumivu, aswali ameketi mpaka apone.

Ndege aahirishe. Sainasi iliyoziba haiwezi kusawazisha hewa ndege inaposhuka, na maumivu yake ni makali. Basi halina shida hiyo. Baada ya kushonwa asubiri walau wiki mbili na ruhusa ya aliyemshona. Kupiga mbizi pia asahau kwa muda huo.

Chakula kiwe laini, atafunie upande wa kulia: uji uliopoa, ugali laini na mchuzi, ndizi, mtori. Wali, karanga na bisi aache, umeona mwenyewe punje zilipofika. Baada ya kula asukutue taratibu kwa kuinamisha kichwa pembeni, bila kuzungusha maji kwa nguvu mashavuni.

Maji ya pua: ml 250 za maji yaliyochemka walau dakika moja kisha yakapoa hadi vuguvugu, chumvi nusu kijiko cha chai kisichojaa. Maji ya bomba yasiyochemshwa hapana, na maji ya kisima ya Dar, mengi yana chumvi yake mwenyewe na usafi wake haujulikani, hapana kabisa. Mara mbili kwa siku, yatiririshwe tu. Chupa isiminywe kwa nguvu.

Kujifukiza sikushauri. Mvuke hulainisha kamasi kwa nusu saa lakini hauufikii usaha wa sainasi iliyofungwa, na sufuria la maji yanayochemka chini ya shuka limeunguza watu. Unga wa karafuu, tumbaku au majivu kwenye pengo asiweke. Huzama kwenye sainasi na kuwa kitu kigeni cha kutolewa kwa upasuaji.

Maumivu: parasetamoli 1 g kila saa sita hadi nane, isizidi 4 g kwa siku. Ibuprofeni hupandisha presha, kwa hiyo kwa huyu si chaguo la kwanza. Klavulaneti anywe mwanzoni mwa chakula, tumbo halitasumbua sana. Na mtu asimwongezee klarithromaisini au erithromaisini kienyeji dukani, maana hupandisha kiwango cha amlodipini mwilini na presha inaweza kushuka ghafla.

Gego_la_Sita ameuliza:

Shukrani kwa uzi huu. Sisi tunaong'oa vituoni tufanye nini ili tusifike huku?

Taya_na_Uso amejibu:

Piga picha kabla ya kung'oa gego lolote la juu ambalo mizizi yake imeachana sana, lenye uvimbe kwenye mzizi, au lililobaki peke yake kwa miaka. Hilo la mwisho ndilo hatari zaidi: majirani wakishatoka, sainasi hushuka na kujaza nafasi, na jino linabaki limeshikwa na mfupa mwembamba. Ukiona sakafu inapinda kuingia katikati ya mizizi, usilivute zima. Ligawe kwa bari (kekee ndogo ya kukatia jino), mizizi mitatu itoke mmoja mmoja, na kifaa kiingie ubavuni mwa mzizi, kisisukume kwenda juu hata kidogo.

Baada ya kutoa, ipange mizizi kwenye chachi na uihesabu. Angalia ncha zake: mzizi uliotoka na kibamba cha mfupa laini uliopinda umetoka na sakafu. Chukulia tundu lipo, weka sponji na ushone kabla mgonjwa hajainuka.

Ncha ikikatika na kupotea, mara nyingi ni ya mzizi wa upande wa kaakaa, simama. Mwinue mgonjwa akae wima, weka mdomo mwembamba wa kifyonza kwenye pengo mara moja au mbili, chunguza chupa ya kifyonza na chachi zote, kisha piga picha. Haipo nje? Usipanue tundu kuitafuta. Funika, anza dawa, mweleze mgonjwa wazi kilichotokea na andika kwenye faili namba ya jino, mzizi upi na urefu wa kipande kilichobaki ndani, ili atakayempokea ajue anatafuta nini.